Nani Atamwinua Aliyelala Njiani?

Dominika ya 15 ya Mwaka C
Injili: Lk 10:25-37



Tunawasalimu kutoka hapa Sepuka, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Tunawasalimu ninyi mliobaki nyumbani kwa sababu ya ugonjwa au uzee, ninyi mlioko hospitalini na magerezani, ninyi mlioko safarini, na kwa namna ya pekee ninyi makatekista ambao leo, katika vigango ambavyo padre hakuweza kufika, mnaongoza ibada ya Dominika na kulimega Neno la Mungu kwa watu wake. Tafakari ya leo ni yenu pia, nasi tungependa mkaipeleke katika jumuiya ndogo ndogo katikati ya juma.

Injili tuliyoisikia ni ile ya Msamaria Mwema. Mwalimu wa sheria anataka kujua jirani yake ni nani. Yesu hampi maelezo ya kitaalamu, bali anamsimulia habari ya msafiri aliyevamiwa na wanyang'anyi katika mteremko wa kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Walimpora hata nguo, wakampiga, kisha wakaenda zao wakimwacha nusu mfu. Kuhani alipita, Mlawi naye alipita. Msamaria, mtu wa taifa lililodharauliwa, ndiye aliyesimama.

Kwa kawaida tunapoieleza Injili hii tunawatazama hao watatu waliopita. Leo tumtazame kwanza yule wa nne, aliyelala chini. Luka hatutajii jina lake, wala kabila lake, wala sababu iliyompitisha peke yake katika njia ya hatari. Pengine alikuwa mfanyabiashara. Pengine alikuwa mzembe. Pengine watu wa nyumbani kwake walimwonya asipite huko, naye hakusikia. Msamaria hakumwuliza hata moja kati ya hayo kabla ya kuyafunga majeraha yake.

Ndugu wapendwa, mtu huyo yumo kati yetu. Amelala kando ya njia zetu, na wengi wetu tunamfahamu. Ni kijana, na siku hizi hata binti, aliyeangukia mikononi mwa dawa za kulevya. Kila mwaka tarehe 26 Juni ulimwengu huadhimisha siku ya kupiga vita matumizi na biashara haramu ya dawa hizo, siku iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1987. Siku hiyo hupita na hotuba zake, lakini aliyelala njiani hubaki pale pale. Ndiyo maana tumeona vema leo, mbele ya Injili hii, tujiulize mambo matatu: ni wanyang'anyi gani waliomwangusha? Majeraha yake ni yapi? Na sisi tunaopita, tunafanya nini?

Huenda mtu akatuambia: "Baba, hayo ni mambo ya Dar es Salaam na Zanzibar. Sisi huku ni wakulima wa mtama, uwele, alizeti na vitunguu. Unga tunaoujua sisi ni wa ugali." Laiti ingekuwa hivyo! Ni kweli kwamba heroini, ambayo vijana wa mijini huiita unga, iliingia kwanza kupitia pwani. Huletwa kwa majahazi katika Bahari ya Hindi, ikitokea hasa Afghanistan, na sehemu ya shehena inayopita kwetu kwenda nchi nyingine hubaki hapa na kuwamaliza wana wetu. Lakini tusisahau kwamba watoto wa Sepuka hawaishi Sepuka tu. Mvua zikikosekana, kijana hupanda gari kwenda Singida mjini, Dodoma, Arusha, Dar es Salaam, au kwenye machimbo ya madini. Wengine hurudi na akiba. Wengine hurudi na maradhi ambayo mama yao hayajui jina.

Tena, yapo yasiyohitaji jahazi. Bangi hulimwa kwa siri humu humu nchini, na msokoto wake hauhitaji fedha nyingi. Gongo hupikwa usiku na kuuzwa mchana. Wapo watoto wanaovuta harufu ya gundi na petroli. Pombe kali zilizofungwa katika vifuko vya plastiki, tulizoziita viroba, zilipigwa marufuku na Serikali kuanzia tarehe 1 Machi 2017, baada ya kuwaharibu vijana wengi, hata wanafunzi waliozificha katika mifuko ya sare. Kiroba kiliondoka, kiu iliyokifanya kinunuliwe haikuondoka pamoja nacho. Kwa hiyo jambo hili latuhusu.

Sasa tuwatafute wanyang'anyi. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliyebatizwa na kupata Kipaimara, aweke kinywani au katika mshipa wake kitu kitakachomharibu?

Mnyang'anyi wa kwanza ni rafiki. Mara nyingi anayemwonjesha kijana msokoto wa kwanza ni mtu anayempenda: mwenzake wa darasani, mwenzake wa kijiweni, pengine kaka yake. Hampi sumu, anampa nafasi ya kukubalika. Kijana huogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kufa, maana kifo hajawahi kukiona karibu, ila kicheko anakisikia kila siku.

Mnyang'anyi wa pili ni uongo wa nguvu. Mchimbaji huambiwa kwamba bangi itampa ujasiri wa kuingia shimoni. Dereva huambiwa kwamba mirungi itamwondolea usingizi hadi alfajiri. Mwanafunzi huambiwa kwamba atasoma na kuelewa. Hakuna hata mmoja anayeongezewa nguvu. Uchovu haukuondoka, umefunikwa tu. Na mwili unaofunikwa uchovu wake ni kama nyumba ambayo mtu ameziba masikio ya mlinzi wake ili alale vizuri.

Mnyang'anyi wa tatu ni maumivu. Hapa, wapendwa, tusimame kidogo. Neno letu mihadarati limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kutia ganzi. Wenye lugha waliona sawasawa: wengi hawatafuti raha, hutafuta ganzi. Kijana aliyekosa kazi miaka mingi, binti aliyedhulumiwa na mtu wa karibu akakosa wa kumwambia, mtoto anayelala kila usiku akisikia baba akimpiga mama, yatima anayehesabiwa vijiko vya chakula katika nyumba ya ndugu: hao wana kidonda, na mtu akija na kitu kinachokinyamazisha kidonda kwa saa tatu, atapokewa kama mkombozi. Tukimwambia kijana "acha" bila kumwuliza "unaumwa wapi", tunamnyang'anya gongo lake na kumwachia kidonda chake.

Wainjili Mathayo na Marko wametusimulia kwamba Bwana wetu, alipofika Golgota, alipewa divai iliyochanganywa na kitu cha kupunguza maumivu, naye hakukubali kuinywa. Tusiielewe vibaya habari hii. Kanisa halikatazi mgonjwa kutulizwa maumivu. Papa Pius wa Kumi na Mbili, mwaka 1957, aliwaeleza madaktari waziwazi kwamba ni halali kumpunguzia mgonjwa maumivu kwa dawa. Na mgonjwa wa saratani anayepewa mofini na daktari hatendi dhambi yoyote. Lakini Kristo alipokikataa kikombe kile alitaka kuingia katika maumivu yetu akiwa macho, ili asiwepo mtu hata mmoja anayeteseka ambaye Mungu hajafika alipo. Kwa hiyo, kijana unayetusikiliza, usiseme kwamba hakuna anayeyajua maumivu yako. Yupo mmoja anayeyajua, naye aliyajua bila ganzi.

Mnyang'anyi wa nne ni mfano wetu wazazi na wakubwa. Mtoto anayetumwa kila jioni kilabuni kumchukulia baba pombe, naye njiani huonja povu, amefundishwa na nani? Sherehe ya Komunyo ya Kwanza inayokwisha kwa walevi kulala katika mashamba ya alizeti inamfundisha nini yule aliyepokea? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Na mnyang'anyi wa tano, aliye mkubwa kuliko wote, ni yule ambaye hatumii dawa hizo kabisa. Huyo halewi. Halali njiani. Huvaa vizuri, hujenga, husomesha watoto wake shule za mbali ili wasikutane na wateja wake. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inamtambua kuwa mhalifu, na adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha maisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2291, inamweka chini ya Amri ya Tano, ile inayolinda uhai: kutumia dawa hizo pasipo sababu ya matibabu ni kosa kubwa, na kuzitengeneza kwa siri na kuzichuuza ni kushiriki moja kwa moja katika uovu. Ndugu yetu unayeuza, na wewe unayepika gongo ukisema unatafuta ada ya mtoto: ada hiyo imelipwa na mtoto wa mwenzako. Acha leo. Njoo tukusaidie kutafuta kazi nyingine. Lakini usije altareni na sadaka ya fedha hiyo.

Tumewaona wanyang'anyi. Sasa tuyaangalie majeraha.

Yapo majeraha ya mwili. Heroini, inayotengenezwa kutokana na utomvu wa mmea wa afyuni, iliwahi kuuzwa na kampuni moja ya Ujerumani kuanzia mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Haikuchukua miaka mingi watu wakagundua kwamba aliyeponywa kikohozi hakuweza tena kuishi bila dawa. Mtumiaji akiikosa kwa saa chache tu hushikwa na hali ambayo mateja wenyewe huiita arosto: mifupa huuma, jasho hutoka, hutapika, huhara, hapati usingizi. Hapo hatafuti tena raha. Anatafuta kuikimbia adhabu. Ndiyo maana huiba kuku wa mama yake, kisha mbuzi wa jirani, kisha bati la nyumba. Wanaojidunga sindano na kuchangia hupata virusi vya UKIMWI na homa ya ini kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine. Mwaka 2005 watafiti waliandika kutoka Dar es Salaam habari ya kutisha na kuhuzunisha: baadhi ya wanawake walikuwa wakivuta damu yao wenyewe katika bomba la sindano, baada ya kujidunga, na kumpa mwenzao asiye na fedha ajidunge damu hiyo, wakidhani itampunguzia arosto. Tazameni, wapendwa, jinsi dawa za kulevya zinavyougeuza hata upendo kuwa kifo. Mwanamke yule alimhurumia mwenzake, akampa alichokuwa nacho, naye alikuwa na maradhi tu.

Gongo nalo lina majeraha yake. Likipikwa vibaya au likichanganywa na kemikali, mtu hupofuka, au hulala asiamke. Na anayekunywa kwa miaka mingi huharibu ini lake polepole bila kusikia maumivu, hadi siku tumbo linapojaa maji.

Yapo majeraha ya akili. Wengi hudai kwamba bangi ni majani tu, haina neno. Madaktari wanatuambia kwamba ubongo wa mwanadamu huendelea kukomaa hadi kufikia umri wa miaka 25 hivi. Kijana anayeanza kuvuta akiwa na miaka 14 anaichezea nyumba ambayo bado inajengwa: hupoteza kumbukumbu na hamu ya masomo, na wengine, hasa wenye historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo, huanza kusikia sauti na kuwaona adui mahali pasipo na mtu. Hapo ndipo ukoo hukusanyika na kusema kijana amerogwa. Hutafutwa mganga, huuzwa ng'ombe, na jirani mzee asiye na hatia hutajwa kuwa mchawi. Hivyo jeraha moja huzaa la pili, na uhasama wa koo mbili huweza kudumu kuliko ugonjwa wenyewe.

Yapo pia majeraha ya nyumba. Tumfikirie mama mmoja, tusimpe jina, maana anaweza kuwa wa nyumba yoyote. Amevuna vitunguu, ameviuza, amezifunga fedha katika pindo la khanga. Asubuhi fedha hazipo na mwana hayupo. Jumapili anakwenda kanisani, anaimba, anatoa Amani ya Kristo kulia na kushoto, na akiulizwa "mwanao hajambo?" hujibu "hajambo". Anarudi nyumbani amebeba uongo ule kama gunia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tujiulize pia kwa nini anaficha. Anaficha kwa sababu anatujua. Anajua kwamba akisema, kabla ya jua kuzama habari itakuwa imefika kisimani na kilabuni.

Na jeraha la mwisho ni la roho. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili wetu ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mungu alimwumba mtu awe huru, apate kumpenda kwa hiari. Dawa za kulevya huushika uhuru huo na kuufunga kamba. Mtu husema moyoni kila asubuhi "leo sitarudia", na kila jioni hujikuta pale pale. Katekisimu, katika namba 1735, inatukumbusha kwamba mazoea, hofu na mambo mengine ya namna hiyo yaweza kumpunguzia mtu kiasi cha lawama ya tendo lake. Kwa hiyo mlevi wa miaka mingi ni mkosefu na ni mgonjwa pia, na anayemhudumia hana budi kuyakumbuka yote mawili. Tukisahau ukosefu tutamdekeza. Tukisahau ugonjwa tutamwua.

Wapendwa, hatukusema neno hilo kwa mzaha. Katika nchi yetu vijana wameuawa kwa mawe na kwa moto kwa sababu ya kuku au simu, na wengi wao walikuwa wakikimbia arosto. Tunasikia mayowe, tunatoka na fimbo. Ikitokea hapa kwetu, Mkristo afanye nini? Asimame katikati, aite mwenyekiti wa kitongoji, aite polisi, amkinge mtu yule kwa mwili wake ikibidi. Mali iliyoibiwa hudaiwa kisheria. Uhai uliotolewa haudaiwi popote duniani. Kuhani na Mlawi walikosea kwa kupita tu. Je, itakuwaje kwa anayemkuta aliyepigwa na wanyang'anyi, naye akaongeza pigo la kwake?

Tuwatazame basi hao wawili. Yesu hakuwachagua bure watu wa hekaluni. Maneno haya yanatugusa sisi tunaohudumu altareni, na ninyi viongozi wa jumuiya, na kila anayevaa rozari shingoni. Walimwona mtu yule. Luka anasisitiza hilo: walimwona. Hawakukosa habari, walikosa kusimama. Pengine walidhani amekwisha kufa. Ndivyo tunavyosema na sisi: "Yule ameshaharibika." Kumwita mtu marehemu angali anapumua ni kumpita kwa upande wa pili wa barabara.

Msamaria naye aliona, lakini jicho lake lilifungua njia mpaka moyoni. Alikaribia. Alimimina mafuta na divai katika majeraha. Alimpandisha juu ya mnyama wake, yeye akatembea kwa miguu. Alimfikisha katika nyumba ya wageni, akamwuguza, akalipa, akaahidi kurudi. Katika hatua hizo tunaona mpango mzima wa kumwinua aliyeanguka.

Kukaribia ndio mwanzo. Baba, mwite mwanao wakati hajalewa, usimwite mbele ya watu, umwulize kwa sauti ya kawaida ameanza lini na anaumwa nini. Usimtukane siku hiyo. Kaa naye hata kama hatajibu.

Mafuta na divai vilikuwa tiba ya wakati ule. Msamaria hakumwombea tu, alimtibu. Nasi tusitenganishe sala na hospitali. Kwa wanaotumia heroini ipo tiba ya methadoni, ambayo hapa nchini ilianza kutolewa katika Hospitali ya Muhimbili mwezi Februari mwaka 2011, kisha ikaenea katika mikoa mingine. Mgonjwa hunywa dawa hiyo mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Inaondoa arosto, naye anaweza kufanya kazi na kurudi kwa familia yake. Kwetu sisi wa Singida, kituo kilicho jirani ni cha Itega, mjini Dodoma. Methadoni haitibu bangi wala gongo. Kwa hao, na kwa walioharibikiwa akili, hospitali ya wilaya na ya mkoa zitawapokea na kuwaelekeza, na Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ipo. Tena tuwaonye: mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka mingi asifungiwe ndani ghafula bila mganga wa hospitali kujua, kwa maana anaweza kushikwa na degedege na kufa. Na kumfunga mgonjwa kamba au minyororo nyuma ya nyumba si tiba hata kidogo.

Nyumba ya wageni ni jumuiya. Msamaria hakuweza kufanya yote peke yake; alihitaji mlango wa kumpokea mgonjwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kijana akitoka kwenye tiba na kurudi kijiweni kwa sababu hana pengine pa kukaa, tumemtibu bure. Ninyi WAWATA, mwendeeni yule mama anayeficha. Ninyi akina baba, mkiwa na kibarua cha kuvuna au kufyatua matofali, mpeni huyo aliyerudi, mkae naye kazini, na kwa muda mumlipe mshahara wake mbele ya mzazi wake. Ninyi vijana wa VIWAWA, mwiteni kwaya na mpira. Aonje tena kupendwa bila kuvuta. Nanyi makatekista, katika mafundisho ya Kipaimara tengeni siku moja kamili kwa jambo hili, mwaeleze vijana ukweli bila kutia chumvi, maana kijana akikugundua umemdanganya katika jambo moja hatakuamini katika kumi. Zaidi ya yote, linda siri. Aliyekueleza shida ya nyumba yake amekukabidhi majeraha yake, usiyaanike.

Na zile dinari mbili, pamoja na ahadi ya kurudi, ndiyo saburi. Wengi huacha, kisha hurudia. Akirudia mara ya kwanza tunakasirika, mara ya pili tunakata tamaa, mara ya tatu tunafunga mlango. Msamaria alijua kwamba majeraha hayaponi kwa siku moja. Ndiyo sababu aliacha fedha na kusema gharama ikizidi atailipa. Saburi haimaanishi kumpa fedha za kununulia sumu, wala kumfichia wizi wake. Inamaanisha kwamba mlango wa tiba na wa sala haufungwi.

Hapa tungependa tuwasimulie habari ya mtakatifu mmoja ambaye wengi hamjamsikia, naye sikukuu yake huangukia mwezi huu wa Julai. Huko China, katika karne ya 19, afyuni ilikuwa imeenea. Waingereza walikuwa wamepigana vita, kati ya mwaka 1839 na 1842, ili biashara yao ya sumu hiyo isizuiwe. Katika nchi hiyo alizaliwa mwaka 1834 mtu aitwaye Marko Ji Tianxiang. Alikuwa mganga mwema, Mkristo wa kweli, aliyewatibu maskini bila malipo. Alipougua tumbo alijitibu kwa afyuni, ikamteka. Aliungama, akarudia, akaungama, akarudia tena. Hatimaye muungamishi wake alimnyima maondoleo, akidhani hana nia ya kweli ya kuacha. Siku zile ugonjwa huu haukueleweka. Kwa miaka ipatayo 30 Marko hakupokea sakramenti. Naye hakuondoka kanisani. Alisali, alikwenda Misa, akaona wenzake wakipokea, akarudi nyumbani. Mwaka 1900 yalipotokea mateso dhidi ya Wakristo, alikamatwa pamoja na watu wa nyumba yake, wakiwemo wajukuu. Aliomba auawe wa mwisho, ili asiwepo wa kwake atakayekufa peke yake. Na ikawa hivyo. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na mashahidi wenzake wa China.

Kanisa halikumtangaza kwa sababu ya afyuni, la hasha! Wala hatusemi kwamba kuacha si lazima. Twasema hivi: Mungu hakumwacha mtu yule hata siku moja katika ile miaka 30. Wewe uliyejaribu kuacha mara nyingi ukashindwa, unayesimama nyuma ya mlango wa kanisa ukiona haya kuingia, ingia. Mtakatifu Marko alisimama mahali hapo kabla yako. Tena wewe una vitu ambavyo yeye hakuvipata: ipo tiba, na upo muungamishi anayejua kwamba u mgonjwa. Njoo katika Kitubio, kisha uende hospitali. Au uende hospitali kwanza, kisha uje. Usichague kimoja ukaacha kingine.

Wapendwa wasikilizaji, mwalimu wa sheria aliuliza jirani yake ni nani. Yesu aliligeuza swali: ni nani aliyekuwa jirani kwa yule aliyeanguka? Kwa hiyo juma hili tusiulize kama yule kijana anastahili kusaidiwa. Kila jumuiya, katika mkutano wake, itafute nyumba moja tu yenye mtu aliyelala njiani, na ichague watu wawili wenye busara na ulimi mzito, waende wakabishe hodi. Wasiende na hotuba. Waende na salamu, wakae, wasikilize. Mengine yatafuata.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, wewe uliye Msamaria wetu wa kweli, ulishuka kutoka juu ukatukuta tumelala, hukupita. Uwatazame wana na mabinti zetu waliotekwa na dawa za kulevya. Uwape siku moja ya kuwa macho, na katika siku hiyo uwakutanishe na mtu mwema. Uwafariji wazazi wanaolia usiku. Uwageuze mioyo wale wanaofanya biashara ya kifo. Na sisi tunaopita njia ile ile kila siku, utupe macho ya kuona na miguu ya kusimama. Kwa maombezi ya Bikira Maria, Mama wa Huruma, na ya Mtakatifu Marko Ji Tianxiang. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Nawabariki Mungu Mwenyezi, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Tunawatakia Dominika njema.